Kimya Baada ya Sanduku

Niseme ukweli mapema, mtu asije akanipa sifa zisizo zangu. Sikuendelea kuigiza baada ya kufiwa na mume wangu kwa sababu ya kupenda sanaa. Watu wa tamasha waliandika hivyo kwenye vipeperushi vyao, "mjane jasiri arudi jukwaani", nami nikawaachia, maana tulihitaji watazamaji. Niliendelea kwa sababu ndani ya mchezo wetu mlikuwa na kipande kimoja, hata robo saa hakifiki, ambacho humo nilikuwa namsikia mume wangu. Namsikia kabisa, kama unavyomsikia jirani akikohoa upande wa pili wa ukuta. Nje ya kipande hicho alikuwa amekufa kama wafu wengine wote.

Mchezo wenyewe ni wa watu wawili. Tuliutunga sisi, mimi na yeye, tukigombana kila mstari. Mume na mke wameamua kuachana, na leo wanagawana vitu vya nyumba: sufuria hii yako, pazia lile langu, redio hii nani kaileta. Nusu ya kwanza watu wanavunjika mbavu. Halafu mume anaingia na sanduku lake la nguo, analitua juu ya meza, na kuanza kueleza kwa nini anaondoka. Mke haangalii. Amesimama kwenye sinki, uso kwa watazamaji, mgongo kwa mume, anaosha vyombo mpaka mwenzake amalize. Hiyo ndiyo kazi yangu katika kipande hicho, kuosha sahani safi kwa maji ya kweli na kusikiliza.

Tuliuzungusha mchezo huo miaka mingi, kwenye mabwalo ya shule, mikahawa, na siku moja ndani ya ghala la mbolea ambamo watazamaji walilia kabla hatujaanza. Kundi zima lilikuwa watu watatu: mimi, mume wangu, na mdogo wake, yaani shemeji yangu, ambaye huwasha taa, hupiga muziki, huendesha gari na hulalamika.

Msimu wetu wa mwisho, mume wangu alibadilika pale kwenye sanduku. Zamani alikuwa akilitua na kuanza kusema palepale. Msimu ule akawa analitua, ananyamaza. Kimya kirefu, hata unasikia viti vikilia. Kisha sauti inatoka chini, polepole, kama mtu anayechagua pa kukanyaga. Mimi niko kwenye sinki, nywele zinanisimama. Nilijua nimeolewa na mwigizaji mzuri, ila sikujua kama ni mzuri kiasi hicho. Nikamwambia siku moja ndani ya gari, "Mzee, mwaka huu umeiva." Akasema ameiva mpaka anakaribia kuoza. Alikuwa na mizaha ya namna hiyo, na mimi nilicheka.

Msimu ulipokwisha alianguka bafuni. Hospitali wakatuambia ini limekwisha, na mume wangu akaipokea habari hiyo kwa mshangao mkubwa kuliko hata wangu. Baada ya wiki chache tulimzika.

Nafasi yake ilichukuliwa na mtu tuliyempa jina la Mgeni. Si kijana, ana hamsini na ushee, na kabla ya kuja kwetu alikuwa sauti ya matangazo ya sabuni redioni. Tulimwita Mgeni kwa kuwa katika kundi la watu watatu anayeingia mwisho hubaki mgeni mpaka aje mwingine, na hapakuwa na mwingine anayekuja. Mgeni ana kipaji cha kutisha cha kunakili watu. Shemeji alikuwa na video za msimu ule wa mwisho, alizozipiga kutoka kwenye meza yake ya taa. Mimi sikuzigusa, roho haikuweza. Mgeni alijifungia nazo nyumbani kwa shemeji, na siku ya mazoezi ya kwanza nikasimama kwenye sinki, nikafumba macho, nikamsikia akitua sanduku. Akanyamaza. Kisha akasema.

Mikono yangu ilikufa ganzi ndani ya maji. Alikuwa yeye, mume wangu, na pumzi zake, na kigugumizi chake kidogo cha kutafuta neno. Tangu siku hiyo nilikuwa naishi kwa ajili ya kimya kile. Katika kila mazoezi nilikuwa nafumba macho mpaka amalize, nisije nikageuka kwa bahati mbaya nikaona uso wa mtu wa sabuni.

Basi tukaenda kwenye tamasha. Ni tamasha la makundi madogo kama letu, yasiyo na ukumbi wala mfadhili, na michezo huchezwa popote penye mlango na soketi. Sisi tulipewa chumba juu ya duka la samani, viti vya plastiki, jukwaa la mbao zinazolia. Msimamizi wa chumba alikuwa dada mmoja mwembamba aliyevaa kipenga shingoni, na kabla hatujashusha vitu vyote tulikuwa tumeshambandika jina hilo, Kipenga. Sheria yake ilikuwa fupi. Kila kundi lina saa moja. Saa ikitimia anawasha taa zote za chumba, hata kama shujaa wenu ndio kwanza anakata roho.

Asubuhi tulipopitisha mchezo mzima, Kipenga alisimama mlangoni na saa yake mkononi.

"Mama, mmezidisha dakika tatu," aliniambia.

"Dakika tatu ni nini kati ya watu wazima?"

"Ni watu wa vikaragosi, mama. Wanaingia baada yenu, na watoto wao watakuwa wamejaa ngazini. Kateni mnapopataka. Mimi siangalii sanaa, naangalia saa."

Shemeji alikuwa juu ya ngazi, anafunga taa. Akasema bila kugeuka, "Tukate kimya cha sanduku. Kile peke yake kinakula karibu dakika mbili."

"Kata ulimi wako kwanza," nikamjibu. "Kila kitu kitakatwa, kile hakiguswi."

Kwa kawaida shemeji ukimtupia neno anakurudishia mawili. Safari hii aliendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa. Niliona, lakini sikulitilia maanani.

Nikaamua kutafuta pa kukata ndani ya maneno yenyewe. Nikachukua karatasi za mchezo, nikaenda kukaa kwenye kiti cha mtazamaji, safu ya pili, nikamwambia Mgeni aanze kuanzia sanduku. Kwenye sinki tuliweka stuli isimame badala yangu. Kwa miaka yote ya mchezo huo sikuwahi kukaa upande ule.

Mgeni akaingia na sanduku. Ni zito kweli. Mume wangu alikuwa akilijaza nguo na pasi mbili za chuma, akidai kwamba sanduku tupu watu wanaliona kuwa ni tupu. Akalitua juu ya meza. Mkono wa kushoto ukabaki juu ya mfuniko. Wa kulia ukashuka taratibu mpaka chini ya mbavu, vidole vinne mbele, dole gumba nyuma, ukabana. Kichwa kikainama kama anakagua kufuli. Uso akaugeuza ukutani, midomo ikavutika, akabaki hivyo. Kisha akajifuta juu ya mdomo kwa kifundo cha mkono, akavuta pumzi vipande viwili, na sauti ikatoka chini, polepole, ile ninayoijua.

Ule mkono nilikuwa naufahamu. Wiki za mwisho hospitalini ulikuwa hapohapo usiku na mchana, vidole vinne mbele, dole gumba nyuma, mpaka manesi wakawa wanaomba ruhusa ya kuuondoa.

"Simama kwanza," nilisema.

Mgeni akasimama. "Tukate hapo?"

"Huo mkono umeutoa wapi?"

"Upi, dada?"

"Huo wa ubavuni."

"Ahaa, huu!" Alifurahi. Nadhani alikuwa akisubiri siku nyingi mtu auone. "Huu ni wa marehemu. Umo kwenye video zote. Mwanzo nilidhani ni bahati tu, kumbe kila onyesho, palepale, akishatua sanduku. Nikasema hawa watu ni hatari, wamepanga mpaka vidole! Sasa lile jasho ndilo limenishinda. Yeye lilikuwa linamtoka kweli, mimi nafuta pakavu. Na ukiangalia zile za mwishoni, anaegemea meza zaidi na goti linamlegea, hivi."

Akanionyesha. Akanionyesha na ya katikati ya msimu, ambayo goti bado lina nguvu, na ya mwanzo, ambayo mkono unagusa ubavu mara moja tu na kuondoka. Alifanya kwa upendo mkubwa na kwa heshima, hakuruka kitu. Nami nikakaa kwenye kiti cha plastiki, karatasi mapajani, nikamtazama mume wangu akiugua kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nilipoinua macho kwenye ngazi, shemeji hakuwepo. Nilimkuta nje, kwenye kibaraza cha nyuma tulipotundika mavazi, ameshika waya mrefu wa umeme, anauviringisha begani na kuuviringua.

"Shemeji. Wewe ulikuwa unamwona."

Hakujifanya haelewi, hilo namshukuru. "Kila siku," alisema.

"Ukanyamaza."

"Aliniambia taa ya mezani niipunguze akishatua sanduku, watu wa mbele wasione jasho. Nikawa naipunguza."

Mwanga ule nao niliusifu. Niliwahi kumwambia shemeji mbele ya watu kwamba hatimaye na yeye amekuwa msanii. Sasa damu ilinichemka, nikampa vidonge vyake vyote. Nilimwambia maneno ambayo shemeji haambiwi, na mengine ambayo hata mbwa haambiwi. Nilimwita muuaji. Nilimuuliza kama alikuwa akihesabu watu mlangoni huku nduguye anakufa juu ya mbao. Alisimama na waya wake begani mpaka nikaishiwa pumzi.

"Alisema ukijua utaufunga mchezo," alisema.

"Ningeufunga siku hiyohiyo! Ningemkokota hospitali kwa masikio!"

"Hospitali alishakwenda, shemeji. Kabla msimu haujaanza. Nilimpeleka mimi. Walimwambia hakuna cha kufanya, labda dawa za maumivu, na zile akizimeza ulimi unakuwa mzito, hawezi kusema maneno yake."

"Kwa hiyo hakuzimeza."

"Siku za onyesho hakuzimeza."

Kumbe hata ule mshangao wa kitandani aliuigiza. Mtu alikuwa amelala na mpira wa dripu mkononi, anaambiwa jambo analolijua tangu zamani, na bado ananifanyia mchezo mimi, mtazamaji mmoja.

"Alisema nyumbani atakuwa mgonjwa na wewe utakuwa nesi," shemeji aliendelea. "Huku barabarani bado mko mke na mume, japo mnaachana kila jioni."

"Na mimi? Mimi hakutaka kuniuliza?"

"Hakukuuliza, shemeji."

Akaanza kulia. Ni mtu mkubwa, mabega kama kabati, na kilio chake hakina sauti, kinatikisa waya tu. Ningeweza kumshika mkono. Sikumshika, nikarudi ndani.

Chumba chetu cha kuvalia kilikuwa stoo ya magodoro yaliyofungwa kwenye nailoni. Nikakaa juu ya moja, likapiga kelele chini yangu, nikalia. Nililia kwa hasira kabla ya huzuni. Mume wangu alijikaza kisabuni, akafa na tai shingoni, nami niko hatua chache mbele yake nikisugua sahani isiyo na uchafu. Ningegeuza shingo tu. Lakini mke wa mchezo ule hageuki, na aliyeandika kwamba hageuki ni mimi. Yeye alitaka ageuke, tukabishana wiki nzima, nikashinda. Kwa hiyo kila aliyelipa kiingilio alimwona. Wenye maduka, walimu, watoto walioingia bure kupitia dirishani, wote walimwona. Mimi mke wake ndiye ambaye sikumwona.

Na bado, nisidanganye, nilitaka kukiacha kimya kile kama kilivyo. Nilikaa juu ya godoro nikatafuta sababu za kukiacha, na nikazipata nyingi. Mchezo ni mzuri zaidi nacho. Watu hulia. Mgeni amekihangaikia. Sababu halisi ilikuwa moja tu, kwamba ni hapo pekee duniani nilipobaki na mume. Picha zake hazisemi. Nguo zake zimeshapoteza harufu. Nikikitoa, nitakuwa nimemzika mara ya pili, na safari hii kaburi nimelichimba mwenyewe.

Ila sasa nilijua ninachokisikia. Alichokuwa akikificha ubavuni, mimi nilikuwa nakiweka mezani, na kuwasha taa, na kuita watu. Nikikiacha, nitakuwa namwambia kila jioni aumie tena kidogo ili mimi nipate wa kukaa naye. Sikuweza kumfanyia hivyo mtu niliyempenda, hata kama yeye alinifanyia alilonifanyia.

Nikamwita Mgeni. Alikuja amevaa tayari, ameshachana nywele kama marehemu, kwa upande mmoja.

"Utoe ule mkono," nilimwambia. "Toa na jasho, na goti. Na kimya chenyewe utoe. Ukitua sanduku, sema palepale."

"Dada, pale ndipo ilipo roho ya mchezo."

"Najua."

"Kuna nilipokosea?"

"Hujakosea. Umefanya vizuri kupita kiasi." Nikaona ninamwonea, kumficha kama nilivyofichwa. "Hakuwa anaigiza, ndugu yangu. Alikuwa anaumwa."

Akautazama mkono wake wa kulia, kisha akautia mfukoni, kama anaona aibu kuwa nao.

"Mungu wangu," alisema. "Nami nilikuwa nakifanyia mazoezi kipande kile kwenye kioo. Mke wa jirani yetu aliniona dirishani akasema nimekipatia kweli."

"Umekipatia."

"Sasa niseme vipi? Mimi sijui kusema kama mimi. Sabuni nilisema kama walivyotaka wenye sabuni, na huku nasema kama yeye."

"Wewe ungemwacha mkeo ungemwambiaje?"

"Mimi ndiye niliyeachwa, dada."

"Basi sema kama alivyosema yeye siku hiyo."

Akafikiri, akatikisa kichwa taratibu. "Hakunyamaza hata kidogo," alisema. "Alisema haraka, kama anayeogopa kubadili nia."

"Hivyo hivyo."

Jioni chumba kilijaa nusu, na kwa tamasha lile hiyo ni heshima. Vichekesho vya mwanzo vilikwenda vizuri. Mzee mmoja wa safu ya mbele alicheka kwenye habari za redio mpaka mkewe akamfinya. Shemeji alikuwa mezani kwake, macho yamevimba. Hatukuwa tumesemezana tena. Ilipofika zamu yangu ya sinki nikaingiza mikono majini na kufumba macho, kwa mazoea.

Nikasikia hatua. Nikasikia sanduku likigusa meza, na pasi zikigongana ndani yake. Mwili wangu wote ukajiandaa kungoja, mabega, shingo, mpaka vidole vya miguu.

Mgeni akaanza kusema. Hakungoja chochote. Sauti ilikuwa ya juu kidogo, ya haraka, ya mtu anayetaka kumaliza kabla hajajutia, na kwa mara ya kwanza nikagundua kwamba ni sauti nzuri. Taa ya mezani haikupunguzwa. Mwanamke mmoja kushoto kwangu alifungua mkoba akatafuta kitambaa. Nikafumbua macho, maana hapakuwa na cha kufumbia, nikaosha sahani moja, na nyingine, na ya tatu. Jibu langu likafika kwa wakati wake, nikalisema. Tulimaliza kabla ya saa kutimia, na Kipenga mlangoni akanyanyua dole gumba.

Wakati wa kuinamia watu, Mgeni alinishika mkono. Wake ulikuwa umelowa jasho, jasho la kweli. Makofi yalikuwa yanaendelea, ikabidi ainame karibu na sikio langu.

"Ilikuwa sawa, dada?"

Nikamwambia ilikuwa nzuri kuliko siku zote, na sikumdanganya. Tangu alipotua sanduku mpaka mwisho, mume wangu sikumsikia hata mara moja.